Maneno Yaliyokatwa

Mafundi wa lifti hawajui kuomba msamaha. Wanajua kufunga breki, kupaka grisi, na kutukanana ndani ya shimo la lifti huku roho ya mmoja iko mikononi mwa mwenzake, lakini neno "samahani" likifika kooni linakwama kama mfupa wa samaki. Ndiyo maana karakana moja ya mafundi hao ilijitafutia njia yake, na njia yenyewe ilikuwa ya heshima kuliko samahani za watu wengi waliovaa tai.

Kampuni yao ilikuwa na kurasa zake kwenye kompyuta. Kila jengo lilikuwa na ukurasa, na kila fundi aliruhusiwa kuandika na kurekebisha alichoandika mwenzake: mlango wa ghorofa ya nne unagoma, mota imeanza kunguruma, funguo za paa anazo mlinzi na usipomwamkia vizuri hakupi. Wataalamu wanaiita programu ya namna hiyo wiki. Mafundi walisema wiki wanayoijua wao ina siku saba, wakaipa jina lao, wakaiita Ukuta. Na Ukuta ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hufuti neno la mtu, wala hufuti la kwako. Kufuta ni woga, ni kujifanya hukusema. Ukiona umekosea, unaweka vistari viwili mwanzo wa neno lako na viwili mwisho, na mashine inalipiga mstari katikati. Watu wanaona ulisema, na wanaona umelirudisha. Basi, yamekwisha. Hakuna ruhusa ya kulitaja tena hata kwa mzaha, na atakayelitaja ananunua chai ya karakana nzima.

Aliyeutunza Ukuta huo ni mwanamke waliyembandika jina la Mabano. Siku zake za mwanzo kazini alihangaika mchana kutwa na programu iliyogoma, kumbe kilichokosekana ni bano moja tu la kufungia, na alipoliona alipiga kigelegele mpaka mhasibu akatoka mbio akidhani kuna harusi. Jina likamganda. Kazini aliletwa na baba yake mdogo, aliyekuwa fundi mkuu wa kampuni, na huyu baba mdogo msimchukulie juujuu. Mabano alifiwa na baba angali mchanga, mama akaolewa mbali, na aliyemchukua akamlea, akamlisha na kumsomesha pamoja na wanawe ni yeye. Hakuwa na shamba wala duka. Alichokuwa nacho ni jina. Akisema lifti hii ni salama, watu walipanda na watoto wao bila kuuliza mara mbili.

Jina hilo liliwahi kutikiswa mara moja tu. Kulikuwa na fundi mwenye mdomo mkali aliyeitwa Spana. Miaka mingi nyuma, Spana aliandika kwenye ukurasa wa jengo la ghorofa kumi na mbili: "Fundi mkuu amesaini ukaguzi wa kamba bila kupanda juu. Siku moja tutaua watu." Mlinzi wa mchana ndiye aliyemwapia kwamba fundi mkuu hakukanyaga pale. Kesho yake Spana akakutana na mlinzi wa alfajiri, akaambiwa mengine kabisa: mzee alifika mapema, akapanda kwa ngazi, akakagua kamba moja baada ya nyingine, akashuka ana grisi mpaka masikioni. Spana akarudi karakanani amenuna, akakaa kwenye kompyuta na kulikata neno lake mbele ya wote. Fundi mkuu akamsogezea kikombe cha chai. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa chanda na pete.

Sasa akaja meneja mpya. Kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja viwango vya kimataifa, karakana ikamwita Bwana Viwango, na jina lake la kweli likasahaulika. Aliufungua Ukuta, akazitazama alama ambazo mafundi walikuwa wakiandikia, akakunja pua.

"Hivi vistari na vialama mmevitoa wapi?"

"Vilikuwepo kabla sijaja, mkuu," Mabano akajibu. "Vinaiambia mashine hiki ni kichwa cha habari, hiki kiwe cha wino mzito."

"Najua vinafanya nini. Nauliza, duniani nani mwingine anavitumia? Kuna lugha ya alama za kuandikia kwenye kompyuta inayotumika kila mahali. Vijana tunaowaajiri wanaijua, simu zinaijua. Uifundishe programu yetu lugha hiyo, kisha kurasa zote za zamani zihamie huko. Iwe tayari kabla ya mkutano wa wenye majengo." Akashusha sauti. "Ukinifanyia hili, idara ya kompyuta ni yako."

Idara yenyewe ilikuwa Mabano na printa mbovu. Lakini cheo ni cheo, na hakuna mtu anayechukia kubandikiwa jina mlangoni.

Tena kazi yenyewe aliipenda, asisingiziwe. Kuifundisha programu lugha mpya ya alama ni kama kumfundisha mtoto mkaidi kuvuka barabara. Unaiambia: ukiona alama ya reli mwanzo wa mstari, hicho ni kichwa cha habari. Ukiona nyota mbili kila upande, hilo ni neno la wino mzito. Ukiona nyota peke yake halafu nafasi, usikurupuke, hiyo ni orodha. Inakurupuka. Unairudisha nyuma, unaieleza upya, inaitikia, inageuka inakurupukia kwingine. Mabano aliicheka, akaitukana, akaibembeleza, na kurasa zikaanza kugeuka moja moja, safi, zinapendeza. Alikuwa na furaha. Akafika kwenye ukurasa wenye maneno yaliyokatwa, na hapo akakwama.

Lugha mpya ilikuwa na alama ya kila kitu, hata ya kuweka picha, ila alama ya kukata neno haikuwamo. Aliitafuta kwenye kitabu cha sheria zake mwanzo mpaka mwisho. Watu wa kwingine walikuwa wamejiongezea viwimbi viwili, yaani vistari vilivyopinda kama wimbi dogo, kila upande wa neno, lakini hilo lilikuwa lao, kitabu hakikulitambua. Akaenda kwa meneja.

"Mkuu, naomba niongeze alama moja. Ya kukata neno. Ni viwimbi tu, haichukui muda."

"Imo kwenye viwango?"

"Haimo, lakini..."

"Basi haimo." Meneja hakuinua macho. "Leo utaongeza viwimbi, kesho utaongeza vijiko. Neno lililokatwa si ndilo lisilotakiwa? Lifute."

"Mafundi hawafuti, mkuu. Ni desturi yao."

"Dada, kazi ya mafundi ni kufunga skrubu. Ukuta ni wa kampuni."

Mabano akatoka, akaenda chumba cha chai. Fundi mkuu alikuwa amekaa na Spana, wanagombea kiti chenye mgongo mzima. Akawauliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza habari za jirani: ingekuwaje kama maneno yote yaliyokatwa yangefutwa?

"Futa uone," Spana akasema. "Siku niliyolikata lile langu nilitoka jasho kuliko siku niliyonasa shimoni. Ukilifuta itakuwa sijawahi kumwomba radhi mzee huyu. Nianze upya? Kwa uzee huu?"

"Usifute, mama," fundi mkuu akamwambia mwanawe taratibu. "Mtu akikosea na akarudi, acha ionekane alirudi."

Mnaona basi alivyobanwa. Huku bosi kasema usiongeze, huku wazee wamesema usifute. Mabano akafanya lile linalofanywa na mtu anayetaka kuwaridhisha wote: aliiamuru programu ivitupe vile vistari na iyaache maneno pale pale yalipo. Kwa muda tu, alijiambia. Mkutano ukiisha, meneja akishashangiliwa, ataviongeza viwimbi kimyakimya na hakuna atakayejua. Nani asome kurasa za zamani katika siku hizo chache?

Angeweza kuwaambia mafundi. Angesema, "Jamani, maneno yenu yaliyokatwa yatasimama wazi kwa siku kadhaa, vumilieni." Hakusema. Alijua wangekataa, na kama wangekataa, mkutano ungefika kazi haijakamilika, na jina la mlangoni lingepotea. Huo ndio ukweli wake na tusiuzungukezunguke.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kampuni. Wenye majengo walikaa na maji yao ya chupa, Mabano kasimama ukutani karibu na mashine ya kuonyeshea picha. Meneja akasifu, akajisifu, kisha akasema neno ambalo Mabano hakuwahi kuambiwa: kuanzia dakika ile, kila mwenye jengo anaweza kusoma ukurasa wa jengo lake kwenye simu yake mwenyewe. Uwazi, akasema. Viwango vya kimataifa. Watu wakapiga makofi, wakatoa simu.

Mama mwenye jengo la ghorofa kumi na mbili alivaa miwani, akasoma, akasoma tena, akanyoosha mkono.

"Samahani, meneja. Hapa nasoma: 'Fundi mkuu amesaini ukaguzi wa kamba bila kupanda juu. Siku moja tutaua watu.' Ni jengo langu hili. Wajukuu zangu wanakaa humo."

Neno lilisimama jeusi, nadhifu, kana kwamba limeandikwa asubuhi ile.

"Mama, hilo lilikatwa," Mabano akaropoka kutoka ukutani. "Zamani sana. Aliyeliandika alilikata."

"Limekatwa wapi, binti yangu? Mimi nalisoma."

Huko karakanani nako moto ulikuwa umeshawaka. Vijana wapya, ambao hawakujua nani aligombana na nani enzi zipi, walizifungua kurasa mpya kuzishangaa, wakaanza kusoma kwa sauti. Kumbe huyu alimwita yule mlevi. Kumbe yule alimwandika huyu kuwa anauza shaba ya kampuni. Matusi ya miaka yote, yaliyorudishwa na kunywewa chai, yalisomwa upya mbele ya wenyewe. Watu wazima wawili, mmoja ameoza meno na mwingine ana wajukuu, walikunjana mashati kwa ugomvi uliokwisha kabla printa haijanunuliwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na hao wahenga hawakuwahi hata kuuona Ukuta.

Fundi mkuu akaitwa ofisini. Spana akaingia naye bila kuitwa. Mabano akawafuata, maana angekaa wapi?

"Ni mimi niliyeandika," Spana akasema kabla hajaulizwa, "na ni mimi niliyekata, kesho yake tu. Nilikosea. Mzee alipanda."

"Ulimwona akipanda?"

"Sikumwona. Mlinzi wa alfajiri alimwona."

"Yuko wapi?"

Mlinzi alishaacha kazi zamani na kuhama, na hakuna aliyejua alikoelekea. Spana, mtu mwenye majibu ya kila aina, alibaki anaipindapinda kofia yake.

"Kwa hiyo kilichopo ni maandishi yako," meneja akasema, "na maandishi yanasema hakupanda."

"Mkuu, kosa ni langu," Mabano akaingilia. "Vile vistari nimeviondoa mimi. Nilikuja hapa hapa nikakwambia lugha mpya haina alama hiyo. Nilikuomba niiongeze!"

"Ulikuja kuniambia habari za viwimbi. Hukuniambia habari za mtu."

Kweli ikitoka mdomoni mwa mtu asiye na haki inauma mara mbili.

Meneja akamgeukia fundi mkuu na kumuuliza kama ana lolote.

"Nilipanda," mzee akasema. "Nilipanda, nikakagua, nikashuka."

"Hakuna zaidi?"

"Zaidi ya hapo kuna nini?"

Hakubembeleza, hakuapa, hakutaja miaka aliyoitumikia kampuni. Pengine angebembeleza ingesaidia. Siku chache baadaye yule mama wa ghorofa kumi na mbili alitishia kuhamia kampuni nyingine na kuondoka na wenzake, na fundi mkuu akaambiwa akapumzike nyumbani ili kulinda jina la kampuni. Jina la kampuni! La kwake nani alilinde? Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kiti chenye mgongo mzima, akatoka kwa lango la mbele.

Mchana wa siku hiyo hiyo meneja akapita mlangoni kwa Mabano. "Zile alama zako za viwimbi," akasema, "ziweke. Haraka."

Akaziweka. Hata saa ya chakula haikuisha. Mistari michache tu ya programu, akaijaribu, ikakubali mara ya kwanza bila kukurupuka, na kila neno lililokuwa limerudishwa likapigwa tena mstari wake. Mabano aliitazama kazi ile ndogo, nyepesi, akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba. Angeifanya bila kuuliza. Angeifanya siku ile ile, meneja angekuja kugomba baadaye, na angegomba kidogo tu.

Alimpigia simu yule mama. Alimweleza yote, desturi ya mafundi, vistari, viwimbi, akamsihi aufungue ukurasa aone. Mama akaufungua.

"Naona," akasema. "Kumbe sasa mmelipiga mstari. Baada ya mimi kulisoma." Akakata simu.

Mafundi hawakugombana na Mabano. Ingekuwa afadhali. Waliacha tu kuandika. Mlango ukigoma waliambiana kwa mdomo, tena wakiwa mbali na vijana wapya, na kosa la mtu likabaki moyoni mwa aliyeliona. Kurasa zikakaa nadhifu, hazina mzozo wala mkato mpya. Meneja alizionyesha kwa wageni akasema tazameni utulivu huu. Na akatimiza ahadi yake, maana alikuwa mtu wa ahadi: mlangoni kwa Mabano likabandikwa jina, chini yake MKUU WA IDARA. Spana alipita, akalisoma, akaendelea na safari yake.

Jumamosi Mabano akaenda kwa baba mdogo. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno yake. Ameamua kuacha kazi. Atamtupia meneja funguo mezani, atamwambia viwango vyake avipake mkate avile. Akilifikiria hilo alipata nafuu kidogo, ya kwanza tangu mkutano.

Mama mdogo ndiye aliyefungua mlango. Mwanamke huyu ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kufua, aliyempiga kofi na kumlisha kwa mkono ule ule. Mabano alivua viatu, akaelekea moja kwa moja jikoni kama siku zote, maana nyumba ile hakuwahi kukaa sebuleni isipokuwa akiwa anaumwa.

"Pita huku," mama mdogo akasema. "Kaa kwenye kochi."

Akakaa. Akaletewa chai kwenye trei, kwenye vikombe vya kabatini. Walizungumza habari za mvua. Mama mdogo hakusema neno baya hata moja. Alisema tu, akitazama dirishani, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusikia msemo huu tangu utoto, nikidhani unasema chawa." Kisha akauliza kama sukari imetosha.

Mzee akaingia, amevaa shati lililopigwa pasi, bahasha ya vyeti kwapani. Akamsabahi Mabano, akaketi, akavua viatu taratibu.

"Unatoka wapi, baba?"

"Ile kampuni ndogo ng'ambo ya barabara kuu. Nilisikia wanatafuta fundi." Akasugua mguu. "Kijana wa pale kanitazama. Kaniuliza, 'Wewe ndiye yule mzee wa kamba?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nikamwambia nilikuwa napita, nimeingia kusalimia tu."

Mabano akaweka kikombe chini. "Baba, mimi Jumatatu naacha kazi. Nimeshaamua. Siwezi kula kwa mtu yule baada ya alilokufanyia." Akajilazimisha. "Baada ya nililokufanyia."

Mzee alimtazama bila hasira. Hasira ingekuwa rahisi kuipokea.

"Uache," akasema, "halafu wadogo zako nani awasomeshe? Mimi ndiyo hivyo unavyoniona. Kuanzia sasa nyumba hii inakutegemea wewe. Jumatatu uamke mapema, uende, umwamkie meneja wako vizuri. Akikupa kazi, ifanye."

"Siwezi kumtazama usoni."

"Si lazima umtazame. Tazama kompyuta."

Alitaka kumuuliza kama amemsamehe. Aliogopa jibu. Mzee akainuka, akaenda chumbani na viatu vyake mkononi, mlango ukafungwa polepole. Mabano akajifuta uso kwa kiganja, akakusanya vikombe kwenye trei, akasimama avipeleke jikoni.

Mama mdogo alikuwa ameshasimama mbele yake. Akaichukua ile trei mikononi mwake, bila kuivuta.

"Acha," akasema. "Mgeni haoshi vyombo."

Mabano akarudi kukaa kwenye kochi, akasikiliza maji yakifunguliwa jikoni.